DataSet bila mtandao: jioni Update() inarudisha 0, kosa hakuna, data haifiki SQL Server

#1 Tarakimu
Wakuu salaam. Mfumo wa mauzo ya jumla, C# na WinForms, SQL Server Express iko ofisi kuu. Magari ya usambazaji yanatoka asubuhi na laptopu, na huko yaendako mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo data inabebwa ndani ya DataSet (nakala ya majedwali iliyo kwenye memori ya laptopu). Utaratibu uko hivi:

Asubuhi ofisini: Fill (kuvuta data toka seva) ya Wateja, Ankara na AnkaraBidhaa.
Programu ikifungwa: `ds.WriteXml("siku.xml");`
Ikifunguliwa njiani: `ds.ReadXml("siku.xml");`
Jioni ofisini: Update() (kutuma mabadiliko kwenye seva) kwa kila jedwali.

Siku nzima gridi inaonyesha kila kitu, wateja wapya wapo, ankara zipo. Jioni Update() inarudisha 0 na haitupi kosa lolote. Kesho yake Fill ikipita, kazi ya jana haipo. Ajabu ni kwamba programu ikiachwa wazi toka asubuhi hadi jioni bila kufungwa, sehemu kubwa inafika, ila si yote. Nini kinaliwa hapa, na wapi?

#2 Mzee Soketi
Update() hailinganishi DataSet yako na seva, wala haijui kilichomo kwenye seva. Inatazama RowState (alama ya hali) ya kila mstari basi: Added inatumwa kama INSERT, Modified kama UPDATE, Deleted kama DELETE, Unchanged inarukwa. Ikirudisha 0 bila kosa, mistari yote ilifika pale ikiwa Unchanged. Kwa hiyo usihangaike na SQL, tafuta nani kaisafisha. Weka hii kabla ya Update:

`MessageBox.Show(ds.HasChanges().ToString());`

Ikija False, kuna AcceptChanges() imejificha mahali. Wengi huiita kabla ya Update wakidhani ndiyo inayohifadhi. Haihifadhi kitu popote, inafuta alama za mabadiliko pamoja na thamani za zamani. Tuwekee msimbo wa kufungua faili tuone.

#3 Chuma Ulete
Jioni hesabu ipo, asubuhi haipo? Mmenitaja bila kunitaja 😀

Tazama ConnectionString. Kama ina `AttachDbFilename=|DataDirectory|\...` na faili la .mdf (hifadhidata yenyewe) limo ndani ya mradi likiwa Copy always, kila mkitengeneza programu upya, Visual Studio inalinakili lile .mdf tupu juu ya lile la bin\Debug. Data inaandikwa kweli kabisa, halafu inafunikwa. Weka Do not copy, au achana na AttachDbFilename kabisa.

#4 binti_jedwali
Mimi nalishuku faili. `WriteXml("siku.xml")` bila kutaja hali ya uandishi inatoa thamani za sasa tu. RowState haimo, thamani za Original hazimo, na mstari uliofutwa haumo kabisa. Andika kwa DiffGram, aina ya XML inayobeba pia alama hizo na thamani za zamani:

```
ds.WriteXmlSchema("siku.xsd");
ds.WriteXml("siku.xml", XmlWriteMode.DiffGram);
```

Na kusoma:

```
ds.ReadXmlSchema("siku.xsd");
ds.ReadXml("siku.xml", XmlReadMode.DiffGram);
```

Muundo usomwe kwanza, kwa sababu DiffGram haibebi muundo na inahitaji majedwali yawe tayari. Fungua faili kwa Notepad uhakikishe. Mstari uliobadilishwa una `diffgr:hasChanges="modified"`, mpya una `"inserted"`, na kule chini kuna sehemu ya `<diffgr:before>` yenye thamani za zamani. Waliofutwa utawakuta humo tu. Usipoiona sehemu hiyo wala `hasChanges` yoyote na unajua kuna kazi imefanyika, basi kazi hiyo haipo tena, hata gridi ikuonyeshe nini.

#5 Tarakimu
Shukrani. Msimbo wa kufungua ni huu:

```
ds.ReadXml("siku.xml");
ds.AcceptChanges();
```

Hiyo ya pili iliwekwa kwa sababu bila yake Update inatupa Violation of PRIMARY KEY constraint kwenye mstari wa kwanza tu. Na HasChanges inatoa False, kama alivyosema Mzee.

#6 Mzee Soketi
Basi wewe na binti_jedwali mmekutana njia moja. XML ya kawaida ikisomwa, mistari yote inaingia kama Added, hata wateja walioko kwenye seva miaka yote. Update inajaribu kuwaingiza upya, seva inakataa ufunguo. AcceptChanges ikaja kuzima kelele, ikazima na kazi ya siku. Hitilafu mbili zinafichana. Tumia DiffGram, ondoa AcceptChanges.

@Chuma Ulete, hiyo ya Copy always ni ya kweli lakini si ya hapa. Pale Update ingerudisha idadi halisi kisha data ipotee baadaye. Huyu anapata 0 palepale. Tena seva yake iko ofisi kuu, si faili la .mdf.

#7 Kandambili
Mmesahau sentensi yake ya mwisho: hata programu isipofungwa, si yote inafika. Hapo hakuna XML wala AcceptChanges ya kufungulia.

Naweka dau kwenye gridi. Mstari anaouhariri mtu bado uko kwenye Proposed (thamani ya muda) mpaka BindingSource (kiungo cha gridi na jedwali) iambiwe imalize. Na kama kitufe cha kuhifadhi kiko juu kwenye ToolStrip (upau wa vitufe), kukibonyeza hakuhamishi fokasi kutoka kwenye seli, kwa hiyo uhakiki haufanyiki na thamani ya mwisho inabaki hewani. Ndiyo maana msimbo unaotengenezwa na mbunifu wa Visual Studio huanza hivi:

```
this.Validate();
bsAnkara.EndEdit();
```

Mkifuta hizo mbili mkadhani ni pambo, kila gari litapoteza mstari mmoja wa mwisho kila jioni. Ukiwa na BindingSource tatu, EndEdit ni tatu, ya mzazi kwanza.

#8 NusuBaiti
Nyongeza kwenye "si yote". Wanaofuta wanafutaje? `Rows.Remove(mstari)` inauondoa mstari kwenye jedwali la memori moja kwa moja, hakuna kumbukumbu kwamba ulikuwepo, hakuna DELETE itakayotumwa, na kesho Fill inamrudisha mteja kama mzuka. Inayotakiwa ni `mstari.Delete()`. Huo unabaki ndani ukiwa Deleted mpaka Update ipite.

Ukishatumia Delete(), kila kitanzi chako kinachojumlisha ankara kitaanza kutupa DeletedRowInaccessibleException. Ruka wenye RowState ya Deleted, au ukitaka kusoma kilichokuwemo: `mstari["Jumla", DataRowVersion.Original]`.

#9 Forodhani7
Kwa nini lakini mnajitesa? Weka SQLite kwenye laptopu. DataSet yote iko RAM, na WriteXml inaandika faili zima upya kila mara. Betri ikifa katikati ya kuandika unabaki na nusu faili, ReadXml inakataa, na siku nzima imekwenda. SQLite ina jarida lake: muamala uliokamilika upo, ambao haukukamilika unarudishwa nyuma faili likifunguliwa tena.

#10 binti_jedwali
@Forodhani7 sawa, ila SQLite haikwambii mstari upi umebadilika tangu asubuhi wala ulikuwa na thamani gani. Utaongeza safu ya hali, jedwali la waliofutwa, na nakala ya thamani za zamani. Yaani utaijenga DataSet kwa mkono.

Nusu faili lina dawa. Andika kwenye `siku.tmp`, funga, kisha:

`File.Replace("siku.tmp", "siku.xml", "siku.bak");`

Mara ya kwanza siku.xml haipo na Replace itatupa kosa, kwa hiyo siku hiyo tumia File.Move. Faili zote ziwe diski moja. Na usisubiri programu ifungwe, andika kila ankara inapokamilika. Mistari elfu chache haichukui hata muda wa kukunja risiti.

#11 Forodhani7
Elfu chache, ndiyo. Bidhaa 40,000 na historia ya bei tutaongea lugha nyingine. Halafu hiyo "safu ya hali" unayoiogopa ni safu moja ya int.

#12 Mlima Karisimbi
Jambo wote, kutoka Goma. Hakuna aliyegusa namba. Magari mawili, yote yamebeba Wateja hadi 500. Kila moja likimsajili mpya, DataSet inampa 501. Jioni kuna 501 wawili, na ankara za mmoja zinamwangukia mwingine. Namba za muda ziwe hasi:

```
var id = ds.Tables["Wateja"].Columns["MtejaId"];
id.AutoIncrement = true;
id.AutoIncrementSeed = -1;
id.AutoIncrementStep = -1;
```

Seva haitoi hasi, kwa hiyo hazigongani. Jioni INSERT irudishe namba halisi:

```
INSERT INTO Wateja (Jina, Simu) VALUES (@Jina, @Simu);
SELECT CAST(SCOPE_IDENTITY() AS int) AS MtejaId;
```

pamoja na `UpdatedRowSource = UpdateRowSource.FirstReturnedRecord`. Usitumie @@IDENTITY. Kukiwa na triga (msimbo wa seva unaojiendesha jedwali likiguswa) inayoandika kwenye jedwali la ukaguzi lenye namba zake, utaletewa namba ya ukaguzi. SqlCommandBuilder (inayokutungia amri za SQL) haikuletei namba hii, InsertCommand iandike mwenyewe.

Risiti ya mteja isichapwe hiyo hasi. Tengeneza namba ya ankara iliyo kando: alama ya gari, tarehe, mfuatano wa siku. Mteja akirudi na karatasi iliyoandikwa "Ankara -3" utamweleza nini?

#13 Kandambili
Vizuri, ila kuna mpangilio. Weka Seed na Step kabla ya Fill. Na kabla ya Fill weka `da.MissingSchemaAction = MissingSchemaAction.AddWithKey` (da ni adapta, inayofanya Fill na Update), maana kwa kawaida Fill haileti ufunguo wa msingi. Bila ufunguo, Fill ya pili haisasishi iliyopo, inaongeza nakala chini yake. AddWithKey inaiwasha AutoIncrement yenyewe, ila Seed na Step inakuachia wewe.

#14 NusuBaiti
Na namba halisi ikirudi, watoto wafuate. Ukiwa na DataRelation (uhusiano wa jedwali mzazi na mtoto) yenye kikwazo cha ufunguo, UpdateRule yake ni Cascade tangu mwanzo: -1 ikigeuka 812 kwenye Wateja, ankara zote za -1 zinageuka 812. Kutuma ni kwa zamu. Kwanza waliofutwa wa AnkaraBidhaa, halafu waliofutwa wa Ankara. Ndipo Wateja wote. Kisha Ankara mpya na zilizobadilika. Mwisho bidhaa zake. Kuchuja:

`da.Update(jedwali.Select(null, null, DataViewRowState.Deleted));`

Ukituma jedwali zima kwa mpigo, lazima upande mmoja ugonge ufunguo wa kigeni.

#15 Mzee Soketi
Msitume bila muamala. Na hapa pana shimo. Update inaita AcceptChanges kwa kila mstari unaofaulu. Mstari wa 40 ukigoma, ukafanya Rollback, seva imerudi nyuma lakini mistari 39 kwenye memori imeshakuwa Unchanged. Ukijaribu tena inatumwa kuanzia wa 40, na wale 39 hawafiki maisha. Tarakimu, hii nayo inatoa "sehemu kubwa inafika, si yote". Dawa:

`da.AcceptChangesDuringUpdate = false;`

kwa adapta zote, na `ds.AcceptChanges()` baada ya Commit, si kabla.

#16 binti_jedwali
@Mzee Soketi nusu ya dawa. Rollback ikitokea, mstari mpya unabaki Added lakini ndani yake -1 imeshafutwa na 812 imekaa. Muamala umeghairiwa, kwa hiyo 812 hiyo haina mwenyewe kwenye seva, na hasi yako huna tena. Rahisi zaidi ni kutuma nakala:

```
var nakala = ds.Copy();
// Update zote juu ya nakala, ndani ya muamala
muamala.Commit();
ds = nakala;
```

Copy() inabeba RowState. Ukishindwa unaitupa nakala, ya awali haijaguswa. Kumbuka kuzielekeza BindingSource upya kwenye ds mpya. Ukipita njia ya GetChanges() na Merge() utapata wateja wawili-wawili: -1 ya zamani na 812 mpya, kwa kuwa Merge inalinganisha kwa ufunguo na ufunguo umebadilika.

#17 Forodhani7
Wote mnadhani seva inajibu. Commit ikifika, jibu likakatikia njiani, programu inaona kosa, inatupa nakala, inatuma tena. Ankara zinaingia mara mbili. Kila mstari mpya upewe `Guid.NewGuid()` (kitambulisho kisichojirudia) pale pale njiani unapozaliwa, na seva iwe na kikwazo cha UNIQUE kwenye safu hiyo. INSERT ikimkuta yupo, irudishe namba yake bila kuingiza. Hili halitatuliwi na DataSet wala SQLite, ni la mtandao.

#18 Tarakimu
Nimeweka DiffGram, EndEdit, Delete() na nakala. Zinatumwa. Sasa gari moja linatoa: "Concurrency violation: the UpdateCommand affected 0 of the expected 1 records." Wengine wanapita. Amri ni za SqlCommandBuilder kwa Wateja, na za mkono kwa Ankara (AddWithValue). Faili la gari hilo huja kwa flashi na kutumwa na kompyuta ya ofisi.

#19 Mzee Soketi
Hiyo ndiyo kazi yake. CommandBuilder inaweka safu zote kwenye WHERE pamoja na thamani za asubuhi. Ofisini kuna mtu kabadilisha simu ya mteja saa 6 mchana, WHERE haikumkuta, ikagusa mistari 0. Weka `ContinueUpdateOnError = true`, kisha pitia GetErrors() ya kila jedwali, onyesha RowError, binadamu aamue.

#20 Mlima Karisimbi
Kasema flashi. Safu ya DateTime ndani ya DataSet ni UnspecifiedLocal, na ikiandikwa XML inabandikwa ukanda wa saa wa mashine. Laptopu ya huku ni +02:00, ya Dar +03:00. Faili la hapa likisomwa Dar, saa zote zinasogea moja mbele, pamoja na zile za Original. WHERE inatafuta tarehe isiyokuwepo. Si lazima uvuke mpaka: laptopu iliyofungwa Windows ikaachwa na saa za Marekani inatosha. Kabla ya Fill:

`safu.DateTimeMode = DataSetDateTime.Unspecified;`

#21 Kandambili
Au AddWithValue. DateTime ya .NET inatumwa kama datetime, ambayo usahihi wake ni kama milisekunde 3.33. Safu ikiwa datetime2(7), thamani iliyokatwa mkia hailingani na iliyo kwenye jedwali. Taja `SqlDbType.DateTime2` wazi.

Na kuna triga? Triga inayokokotoa Jumla ya ankara baada ya kuingizwa inaibadilisha kwenye seva, memori haina habari. Update ya pili jioni hiyo hiyo inagonga.

#22 Tarakimu
Triga ipo kwenye Ankara. Saa ya laptopu hiyo sijaiona, iko njiani. Ofisini pia wanabadilisha simu za wateja. Zote tatu zinaweza.

#23 NusuBaiti
Ongeza safu ya rowversion (seva huibadilisha kila mstari ukiguswa) kwa kila jedwali na WHERE iwe ufunguo pamoja na hiyo tu. Baiti 8, hazijui ukanda wa saa wala datetime2. Kwenye CommandBuilder ni `ConflictOption.CompareRowVersion`, na safu iwemo ndani ya SELECT. Kwa hiyo hoja za #20 na #21 juu ya tarehe zinakufa kwenye WHERE, ingawa saa yenyewe bado itaandikwa vibaya. Ya triga inabaki: baada ya UPDATE soma rowversion mpya kwa SELECT ya pili. OUTPUT isiyo na INTO inakataliwa kwenye jedwali lenye triga.

#24 Forodhani7
Wakati mnapigania WHERE, idadi ya stoo inakwendaje? Kama gari linatuma "zimebaki 12", litagombana na ofisi kila siku. Litume "zimetoka 3" kama mstari mpya kwenye jedwali la mienendo, na baki ijumlishwe na seva. INSERT haina mgongano wa aina hii.

#25 Chuma Ulete
Nyongeza kwa wanaochuja njiani. RowFilter na Select() zinasoma tarehe kwa mpangilio wa mwezi kwanza, hata Windows yako iwe ya siku kwanza. `Tarehe >= #3/4/2025#` ni tarehe 4 Machi. Muuzaji akitafuta ya 3 Aprili ataletewa na mwezi mzima wa kuzidi, aseme data imeongezeka. Hiyo nayo si mimi.

#26 binti_jedwali
Ukishahamia .NET mpya: `RemotingFormat = SerializationFormat.Binary` ilitegemea BinaryFormatter, ambayo .NET 9 imeiondoa. Baki na XML. Na faili la flashi usilisome kwa kuliamini tu. Masasisho ya usalama ya Julai 2020 yaliweka mipaka ya aina za data zinazokubalika ndani ya XML ya DataSet kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwa na safu ya aina yako mwenyewe, ReadXml itagoma.

#27 Mzee Soketi
@Tarakimu, kabla ya kubadilisha lolote tena, lile faili la flashi lifungue kwa Notepad. Tafuta tarehe ya ankara moja uone imeandikwa +03:00 au nini, ndani ya `diffgr:before` pia. Halafu SELECT ankara hiyo hiyo kwenye seva, weka zote mbili hapa.